Habari za Hamed bin Muhammed, Aitwaye Tippu Tip

Katika vilima vya Kolo, upande wa kaskazini ya Kondoa, iko miamba mikubwa iliyochorwa picha kwa rangi nyekundu na watu wa zamani sana. Wapo watu warefu wembamba, wapo wanyama wa porini, na katika hao yumo tembo. Watu wale wa kale walimchora tembo mzima. Watu wa karne ya kumi na tisa walitaka meno yake mawili tu. Na kwa ajili ya meno hayo watu wa pwani walipanda bara, wakapita Ugogo, wakafika Irangi, wakafika Tabora na Ujiji, hata wakavuka ziwa la Tanganyika na kuingia nchi zisizojulikana huko Unguja ila kwa jina.

Zamani hizo pembe za tembo zilihitajiwa sana katika nchi za mbali. Wahindi walizitaka kwa kufanya bangili. Wazungu walizitaka kwa vipini vya visu na vitana. Marekani, katika jimbo la Connecticut, palikuwa na viwanda vya kuzipasua pembe za Unguja na kufanya vibao vyeupe vya piano. Wamarekani walikuwa wamefanya mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833, na merikebu zao zilileta nguo nyeupe ya pamba, ambayo kwa sababu yao iliitwa merikani, na hata leo ingali ikiitwa hivyo. Basi merikani ilipanda bara vichwani mwa watu, na pembe zikashuka pwani vichwani mwa watu. Gari halikuwapo, na punda hawakudumu katika nchi zenye mbung'o.

Katika wafanyi biashara wote wa pembe, hakuna aliyepata mali na nguvu kumpita Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja kama mwaka 1837. Kwa upande wa wazee wake alikuwa Mwarabu wa Oman, lakini damu ya Kiafrika ilikuwamo pia, na rangi yake ilikuwa nyeusi. Lugha yake ilikuwa Kiswahili. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyi biashara aliyekaa Tabora, akamwoa huko Karunde, binti Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Kwa arusi ile alipata heshima kubwa katika nchi, na mwanawe aliona tangu ujana kwamba mgeni akiwa jamaa ya mtawala biashara yake huwa nyepesi. Jambo hili hakulisahau.

Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili alianza safari fupi za kununua sandarusi. Alipopata miaka kumi na minane alikwenda bara pamoja na baba yake. Huko Tabora baba yake alitaka kumpeleka ng'ambo ya ziwa na bidhaa, lakini chini ya uongozi wa mtu mwingine. Hamed alikataa. Aliona ni afadhali kurudi pwani kuliko kuongozwa na mtu asiye wa nyumba yao katika mali ya baba yake mwenyewe. Mzee akakubali, akampa bidhaa, akaenda, naye akarudi na pembe. Tangu siku hiyo hakusafiri tena chini ya mtu.

Yafaa kueleza jinsi safari zile zilivyokuwa. Mwenye safari hakuwa na fedha yake mwenyewe. Alikwenda kwa Wahindi wa Unguja, akakopa nguo, ushanga, waya wa shaba, bunduki na baruti, akaandika hati ya kulipa kwa pembe atakaporudi. Huenda akarudi baada ya miaka miwili, huenda baada ya kumi, huenda asirudi kabisa. Kwa hiyo faida waliyotaka Wahindi ilikuwa kubwa. Aliyemkopesha Hamed kuliko wote ni Taria Topan, tajiri mkubwa wa Unguja. Hamed alilipa madeni yake, na hii ndiyo sababu kila safari alipewa zaidi ya ile ya kwanza.

Kisha msafara uliondoka Bagamoyo. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili sabini, pamoja na mkeka wake na chungu chake. Kutoka pwani mpaka Tabora ilikuwa kama miezi mitatu. Mahali palipoogopwa sana njiani ni Ugogo. Kabla ya kuingia palikuwa na Marenga Mkali, nchi isiyo na maji baada ya Mpwapwa. Na baada ya kutoka palikuwa na pori la Mgunda Mkali. Katikati walikaa Wagogo, na maji yalikuwa yao. Kila mtemi alitaka hongo, na msafara ulilala pale pale mpaka hongo ilipokwisha kupatana, huku wapagazi wakila akiba. Wasafiri wengi, Waarabu na Wazungu, walilalamika sana juu ya hongo ya Wagogo, nao wakaandika habari zao kama habari za wanyang'anyi. Lakini visima katika nchi kavu havikujichimba vyenyewe, na msafara wa watu elfu moja ukipita siku mbili wakamaliza kisima, ng'ombe wa mwenye nchi atakunywa nini? Watemi wa Ugogo waliuza maji yao kama Hamed alivyouza pembe zake.

Mwaka 1867 Hamed alifika Itabwa, kusini ya ziwa la Tanganyika, kwa Nsama. Nsama alikuwa mfalme mzee mwenye sifa ya vita, na wageni waliomwendea zamani walikuwa wamenyang'anywa mali zao. Alimkaribisha Hamed bomani kutazama pembe, na walipokwisha kuingia watu wake wakaanza kupiga mishale. Hamed mwenyewe alipigwa na mishale mitatu. Watu wake walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki, na watu wa Nsama hawakuzizoea. Boma likashikwa, Nsama akakimbia, na ndani yake zikapatikana pembe frasila 1,950 na shaba frasila 700. Pamoja na pembe walipatikana mateka. Watu waliokimbia walieneza habari kwamba bunduki za yule mgeni zililia tip, tip. Na kwa hiyo, kama alivyosimulia mwenyewe, akaitwa Tippu Tip. Wengine walisema jina lilitokana na macho yake, kwa sababu alikuwa na desturi ya kupepesa kope upesi upesi.

Katika mwaka huo huo alikutana na David Livingstone, mmisionari na msafiri. Livingstone alikuwa hana chakula wala nguo za kutosha. Tippu Tip akampa mbuzi, nguo, ushanga na nafaka, akamfanyia hisani nyingi. Livingstone alichukia biashara ya watumwa kuliko kitu cho chote duniani, na habari zake ndizo zilizowaamsha Waingereza kutaka ikomeshwe. Walakini katika bara aliishi mara nyingi kwa msaada wa watu wale wale walioifanya. Ni jambo la huzuni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wazungu karibu wote waliokutana na Tippu Tip walimsifu kwa adabu yake, usafi wa nguo zake, na mazungumzo yake. Waliobebeshwa pembe zake, wakiwa wamefungwa kwa kamba shingoni, hawakuulizwa na mtu maoni yao.

Baada ya kurudi Unguja na kulipa madeni, akaondoka tena mwaka 1870. Safari hii ilichukua miaka kumi na miwili. Akavuka nchi za kusini ya ziwa akaingia katika nchi ambayo leo ni Kongo. Njiani alisikia kwa mateka mmoja habari za Utetera. Mfalme wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa mzee sana, na zamani dada zake walichukuliwa na adui vitani wasionekane tena. Tippu Tip akaulizia majina yote, akayashika moyoni. Alipofika Utetera akasema kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wa dada wale waliopotea, na kwamba yeye ni mjukuu aliyekuja kumtafuta babu yake. Mzee alifurahi mno. Alikuwa amelia dada zake miaka mingi, na sasa damu yao imerudi nyumbani, tena yenye nguvu. Akamkabidhi nchi. Watu wakamletea Tippu Tip pembe kama ushuru wa mfalme, wala hakutoa hata mkono mmoja wa merikani kuzinunua.

Hivyo mfanyi biashara akawa mtawala, wala si kwa bunduki safari hii, ila kwa hadithi ya uongo aliyopewa mzee mwenye majonzi. Yeye mwenyewe, alipokuwa mzee, aliisimulia habari hii bila haya, kama mtu asimuliavyo mnada alioupata kwa bei rahisi.

Mwaka 1874 alifika Nyangwe, penye soko kubwa la Waarabu kando ya mto Lualaba. Miaka mitatu kabla yake, wafanyi biashara wengine walikuwa wamewapiga risasi mamia ya watu sokoni hapo, wengi wao wanawake, mbele ya macho ya Livingstone. Tippu Tip hakuwako siku ile. Akamsaidia msafiri Mwingereza, Cameron, aliyekuwa akienda bahari ya magharibi, akampa watu wa kumwonyesha njia. Kisha akakaa Kasongo, karibu na Nyangwe, akafanya mji. Akaweka watu wake katika nchi ya Manyema, akaamua kesi, akawaondoa watemi na kuwaweka wengine, akatoza pembe. Mashamba ya mpunga yakalimwa kwa mikono ya watumwa, na njia zikawa na usalama kwa wafanyi biashara. Vijiji vilivyokataa vikachomwa moto.

Mwaka 1876 akaja Mmarekani mmoja, Stanley, aliyezaliwa Wales, akitaka kuufuata mto Lualaba mpaka mwisho wake. Watu wa Nyangwe walimwonya kwamba nchi ile ni msitu mtupu na watu wake ni wakali. Tippu Tip akakubali kumsindikiza vituo sitini kwa reale 5,000. Msituni hapakuwa na jua wala njia, ndui ikaingia katika msafara, watu wakafa kila siku. Katikati ya safari Tippu Tip alitaka kurudi, wakapatana upya, na mwisho wa mwezi wa Desemba wakaagana. Kabla ya kuagana wakafanya karamu na michezo. Tippu Tip akashindana mbio na Frank Pocock, kijana Mwingereza wa msafara wa Stanley, naye akamshinda, akapewa kikombe cha fedha, ingawa alikuwa karibu na miaka arobaini. Stanley akateremka na mto akafika bahari ya magharibi mwezi wa Agosti, mwaka 1877. Pocock alizama mtoni njiani.

Safari ile ilibadili mambo yote. Ilijulikana sasa kwamba Lualaba ndio mto Kongo, na kwamba nchi ya Manyema yaweza kufikiwa kutoka magharibi kwa mashua. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alimwajiri Stanley kujenga vituo vyake mtoni. Tippu Tip alikuwa amemwonyesha mlango wa nyumba mtu aliyerudi na wenye kuitaka nyumba.

Mwaka 1882 akarudi Unguja, baada ya kufanya urafiki na Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye vita vyake na Waarabu vilikuwa vimeifunga njia mara nyingi. Pembe alizoleta zilikuwa nyingi kupita kiasi. Sultani Barghash alitaka kumfanya liwali wa Tabora, lakini yeye akaona afadhali arudi Manyema, ashike nchi kwa jina la Sultani kabla Wazungu hawajafika. Akarudi. Lakini mwaka 1884 na 1885 wakuu wa Ulaya walikutana Berlin, na Leopold akatambuliwa kuwa mwenye nchi ya Kongo, nchi ambayo hakuiona kwa macho yake hata siku ya kufa. Wadachi nao wakatwaa nchi nyuma ya pwani ya Sultani.

Tippu Tip alipofika Unguja tena mwishoni mwa mwaka 1886, alimwona Barghash mgonjwa na mwenye kukata tamaa. Sultani alimweleza kwamba habari za bara hazitaki tena, kwa kuwa hata Unguja yenyewe haijui kama itabaki mkononi mwake. Kwa Tippu Tip maneno haya yalikuwa msiba. Miaka mingi alikuwa amejiita mtu wa Sultani. Sasa Sultani amemfungulia mkono aende zake. Alikuwa na watu, bunduki na pembe, lakini hana bendera. Na katika siku zile asiye na bendera hakuhesabiwa na mataifa.

Wakati ule ule Stanley alikuwa Unguja. Akamletea neno kutoka kwa Leopold: awe liwali wa nchi ya Stanley Falls, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Apandishe bendera ya Kongo, azuie kukamata watumwa katika sehemu ile, na biashara yake ya halali ataendelea nayo. Waarabu wengi walimcheka. Mtu aliyetoza pembe za nchi nzima, ataandikiwa mshahara kama karani? Lakini yeye aliona mbali kuliko wao. Alijua kwamba hawezi kupigana na Ulaya, na kwamba mkataba utampa muda. Mwezi wa Februari mwaka 1887 akatia sahihi, akapanda meli Madura pamoja na Stanley, wakazunguka rasi ya kusini ya Afrika mpaka mlango wa Kongo. Mtu aliyefika Manyema mara zote kwa miguu kutoka mashariki, sasa aliingia kwa meli kutoka magharibi.

Uliwali ule haukumpa raha. Mabwana wawili hawatumikiki, na yeye alikuwa nao zaidi ya wawili. Leopold alitaka watumwa wasikamatwe. Jamaa zake na watu wake wa vita waliishi kwa kukamata. Stanley naye alidai wapagazi aliomwahidi kwa safari ya kwenda kumwokoa Emin Pasha. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima, tena wakaja pungufu. Sehemu ya msafara iliyoachwa nyuma huko Yambuya ikaangamia kwa njaa na maradhi, na mkuu wake, Barttelot, alipigwa risasi na mtu wa Manyema mwaka 1888. Stanley akamtupia Tippu Tip lawama yote, akamshitaki Unguja. Lawama ile ilikuwa nusu ya haki tu, kwa maana Stanley mwenyewe ndiye aliyewaacha watu wale pale bila chakula cha kutosha, akatangulia.

Mwaka 1890 Tippu Tip akaondoka Stanley Falls kwenda kujibu mashitaka. Njiani akaugua sana, akafika Unguja mwaka 1891, na shauri lile halikuendelea. Lakini hakurudi Kongo tena. Alikuwa ameona kwamba vita haina budi kuja, akawaonya watu wake wasiianze. Hawakusikia. Mwaka 1892 vita ikazuka kati ya Wabelgiji na Waarabu. Ngongo Lutete, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa vita wa Tippu Tip, akahamia upande wa Wabelgiji na watu wake wote. Mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zikatekwa, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa vitani. Mapema mwaka 1894 vita ikaisha. Kazi ya miaka ishirini ikatoweka katika muda wa miezi kama ishirini.

Watu wa Kongo hawakupata nafuu kwa kubadilishwa mabwana. Serikali ya Leopold ilisema imekuja kuondoa utumwa. Kisha ikawalazimisha watu kuleta mpira wa msituni na pembe, na askari wake wakakata mikono ya watu na kuchoma vijiji, hata dunia ikapiga kelele, na mwaka 1908 Leopold akaondolewa katika ile milki.

Tippu Tip alikaa Unguja miaka yake ya mwisho, akiwa na mashamba na nyumba kubwa Shangani, ambayo ingali ipo. Mwaka 1897 serikali ya Unguja ilifuta sheria ya utumwa, na watumwa wakapewa ruhusa kudai uhuru wao mbele ya mahakama. Yeye hakufanya vurugu. Wageni waliomzuru walimwona mzee mwenye ndevu nyeupe, mpole, mwenye kukumbuka kila mto na kila jina.

Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alimwomba aandike habari za maisha yake. Akaziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, nazo zikapigwa chapa Berlin pamoja na tafsiri ya Kidachi katika miaka ya 1902 na 1903. Kitabu chake ni katika vitabu vya kwanza vya Kiswahili ambamo mtu ameeleza maisha yake mwenyewe. Ameandika vizuri, kwa maneno machache. Frasila za pembe amezihesabu moja moja, na deni la kila Mhindi amelitaja. Watumwa hawakupata nafasi kubwa humo.

Alikufa kwa homa mwezi wa Juni, mwaka 1905. Katika mwaka huo huo Wadachi walianza kutandika reli Dar es Salaam. Ilifika Morogoro, ikafika Dodoma, ikapita katikati ya Ugogo ambako misafara ililipa hongo, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pembe zilizosalia zikashuka pwani kwa gari la moshi.